Kanzu ya pili na sare ya Noeli

Ndugu msomaji, leo ni Dominika ya tatu ya Majilio, Dominika ya Furaha. Ukimwona padri altareni amevaa kasula ya rangi ya waridi, usishangae. Kanisa hutumia rangi hiyo mara mbili tu kwa mwaka, leo na katika Dominika ya nne ya Kwaresima, kutukumbusha kwamba safari imevuka nusu na sherehe iko karibu. Basi kwa kuwa leo hata altare inazungumza kwa vazi, naomba nasi tuzungumze habari za mavazi.

Najua unachokitarajia. Katika Kiswahili chetu, ukiliweka neno "mavazi" karibu na neno "maadili", hasa kinywani mwa padri, watu wanawaza urefu wa sketi, mbano wa suruali na mabega yaliyo wazi. Kwenye malango ya makanisa mengi na ya ofisi nyingi za serikali yapo mabango yenye michoro ya nguo zisizoruhusiwa. Sina ugomvi na mabango hayo. Nyumba ya Mungu ina heshima yake, na mwili wa binadamu una heshima yake. Ila naona tumelipa neno "maadili" kazi ndogo mno. Gauni linaweza kufika kwenye kisigino, likafunika kila kinachopaswa kufunikwa, na bado likawa limeshonwa na mtu aliyedhulumiwa ujira wake. Shati linaweza kufungwa vifungo hadi shingoni, na bado likawa limenunuliwa kwa fedha ya ada ya mtoto. Je, vazi la namna hiyo lina maadili kwa sababu tu ni refu?

Tuisikilize Injili ya leo (Lk 3:10-18). Watu wametoka mjini, wamemfuata Yohane Mbatizaji kando ya mto Yordani, mahubiri yake makali yamewachoma. Wanamwuliza swali moja tu: tufanye nini? Wanaouliza ni makundi matatu, na kila kundi linapata jibu lake. Makutano wanaambiwa aliye na nguo ya ziada na chakula cha ziada agawane na asiye nacho. Watoza ushuru wanaambiwa wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wanaambiwa wasimnyang'anye mtu kwa nguvu wala kumsingizia, na watosheke na mshahara wao.

Tazama mpangilio huo. Yohane ni mtu wa jangwani, mwenye vazi la manyoya ya ngamia na mshipi wa ngozi (Mt 3:4). Angeweza kuwaagiza wafunge siku arobaini. Angeweza kuwatuma Hekaluni na sadaka kubwa. Badala yake, jambo la kwanza kabisa analoligusa ni kabati la nguo. Toba, kwa Yohane, inaanzia pale ambapo kanzu ya pili inaning'inia bila mvaaji.

Lakini kabla ya kuigawa kanzu hiyo, tujiulize imetoka wapi. Sisi watu wa Singida hatuna kisingizio cha kutojua. Mkoa wetu unasifika kwa alizeti, ila pamba nayo inalimwa, na anayeilima anajua kazi yake. Unalima, unapanda, unapalilia mara mbili au tatu, unapambana na wadudu, halafu vitumba vinapopasuka unachuma kwa mkono, tumba moja baada ya jingine, jua likiwa utosini. Kisha pamba inapimwa, inakwenda kiwandani kuchambuliwa, mbegu zinatengwa na nyuzi, nyuzi zinafungwa marobota. Hapo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hupanda meli. Inasokotwa, inafumwa na kutiwa rangi nchi za mbali, inashonwa na mikono tusiyoijua, inavaliwa na watu tusiowajua, na mara nyingi inaturudia katika belo la mitumba. Mkulima aliyechuma pamba hiyo anaweza kusimama mnadani akipatana bei ya fulana iliyotokana na jasho la mkulima kama yeye, bila yeye wala muuzaji kujua.

Historia yetu inajua kwamba pamba si kitu kidogo. Mwezi Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi, huko kusini, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na utawala wa Wajerumani kuilima kwa ujira usiofaa kuitwa ujira. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Vita vya Majimaji, vilivyoendelea hadi 1907 na kuangamiza maelfu kwa maelfu ya watu wetu kwa risasi na njaa. Wazee wale hawakuichukia pamba. Walichokikataa ni jasho lisilolipwa. Mtume Yakobo alikwisha kuandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yak 5:4).

Kilio hicho hakikuishia 1907. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na jiji la Dhaka nchini Bangladesh. Ndani yake kulikuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Siku moja kabla, nyufa kubwa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa katika jengo hilo iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani. Walikufa watu 1,134, wengi wao wasichana na akina mama vijana. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbuka katika Misa ya asubuhi. Alikuwa amesoma kwamba baadhi yao walilipwa euro 38 kwa mwezi, na akasema wazi kwamba huo ni utumwa.

Kutokana na maafa hayo, huko Uingereza ilizaliwa harakati iitwayo Fashion Revolution. Imewafundisha vijana wa nchi nyingi jambo jepesi: geuza nguo yako, tazama lebo, kisha uulize ni nani aliyeishona. Wengine wanacheka kwamba hayo ni mambo ya wazungu walioshiba. Mimi naona ni swali la Kibiblia kabisa. Ni swali lile lile ambalo Mungu alimwuliza Kaini: yuko wapi ndugu yako?

Sasa nikuambie habari ya kijana mmoja wa kwetu Ikungi. Hakuwahi kusikia habari za Rana Plaza, wala hajui kwamba anachokifanya kina jina huko duniani. Ni fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na minne, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kigango chake. Cherehani yake aliinunua kwa mkopo wa VICOBA na bado anarejesha. Jina lake nalihifadhi, maana habari hii inawagusa wengine pia.

Ninyi mnaoishi karibu na mafundi mnajua tabia yao. Fundi anakuambia nguo itakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa anakuambia njoo kesho. Kesho umeme haukuwepo. Kesho kutwa nguo iko tayari ila kifungo kimoja bado. Binti huyu alijiwekea daftari. Anaandika siku, na akiona hataiweza siku hiyo anakataa kazi. Vipande vinavyobaki anavifunga na kumrudishia mwenye kitambaa. Ana wasichana wawili wanaojifunza kwake, na kila nguo wanayoshona wao anawalipa sehemu yao Jumamosi, jua halijazama, wakati mahali pengi mwanafunzi wa ufundi hushona miezi na miezi kwa kuambiwa tu kwamba anajifunza. Huyo ndiye ninayemwita mwanamitindo mwenye maadili. Hana jukwaa wala kamera, ana daftari la shilingi elfu moja.

Mwezi Oktoba kamati ya kwaya iliamua kushona sare mpya ya Noeli. Msomaji wangu, huhitaji kufafanuliwa sare ni nini. Kwaya ina sare ya Pasaka, sare ya somo wa kigango, sare ya harusi ya katibu, sare ya jubilei ya mapadri, na zote ziko sandukuni zikiwa nzima. Waimbaji ni thelathini na wawili. Kitambaa kwa kila mmoja kilikadiriwa shilingi 20,000, ushonaji shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 1,120,000, ambazo zitatoka katika nyumba zinazohesabu magunia ya alizeti yaliyobaki. Asiyeleta fedha kwa wakati hasimami na wenzake siku ya sikukuu. Kazi hiyo alipewa yeye, na kwake ilikuwa baraka: shilingi 480,000 za ushonaji katika mwezi mmoja.

Aliikataa. Au tuseme, aliigeuza. Alisimama katika kikao akasema sare ya mwaka juzi bado ni nzima, na kwamba akibadilisha kola, akaweka mikono mipya ya kitambaa cheupe na kuongeza upindo kwa walionenepa, itapendeza kama mpya, na kila mmoja atalipa shilingi 6,000 tu, kitambaa na uzi vikiwa ndani. Mwenyekiti, mzee anayeheshimika, alimtazama kwa mshangao.

"Binti, wewe ni fundi au ni mhubiri?"

"Ni fundi, baba," alijibu. "Ndiyo maana najua kitambaa kile bado kizima."

Walibishana wiki mbili. Wengine walisema Mungu anastahili kitu kipya. Wengine walisema kwaya za vigango vingine zitatucheka. Mmoja alisema binti ana kiburi. Ndipo alipotaja jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyelisema: akina mama wawili wa sauti ya kwanza walikuwa wameacha kuimba tangu sare ya Pasaka. Hawakuwa wamekasirika wala kuhama. Walishindwa tu kulipa, wakaona aibu, wakaanza kukaa viti vya nyuma. Baadaye aliniambia maneno haya: "Baba, mtu akiacha kumwimbia Mungu kwa sababu ya kitenge, na kitenge hicho nimekishona mimi, sadaka yangu inatoka wapi?"

Nakuomba usome tena Waraka wa Yakobo, sura ya pili, aya ya pili hadi ya nne. Anaingia mtu kanisani na pete ya dhahabu na mavazi ya fahari, anaingia na maskini mwenye nguo chakavu. Mmoja anapewa kiti kizuri, mwingine anaambiwa asimame pale au aketi chini. Yakobo anasema hapo tumekwisha kuwa mahakimu wenye mawazo maovu. Sare ilibuniwa ili kufuta tofauti hiyo, ili tajiri na maskini waonekane sawa mbele ya altare. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo sababu siipingi sare. Ila sare inayobadilishwa kila sikukuu inageuka kuwa mlango wa geti. Asiye na fedha anabaki nje, na tunasema amepoa kiimani.

Mwishowe kwaya ilikubali. Alishona sare zote thelathini na mbili, akapata shilingi 192,000. Piga hesabu mwenyewe: alijinyima mapato ya shilingi 288,000, naye ana marejesho ya VICOBA kila mwezi. Kuna jambo la kiufundi ambalo lilinifurahisha. Kabla ya kuunganisha kitambaa kipya na cha zamani, alikiloweka kile kipya usiku kucha, akakianika, akakipiga pasi. Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwamba kipya kisipoloweshwa kitaruka kikifuliwa, kitavuta cha zamani na kukichana. Yesu alisema jambo hilo hilo kuhusu kiraka kipya kwenye vazi kuukuu (Mt 9:16). Nimefundishwa maandiko hayo seminarini kwa lugha tatu, lakini maana yake ya cherehani nimeielewa Ikungi.

Usidhani habari hii imekwisha kwa vigelegele. Mama mmoja kati ya wale wawili amerudi kuimba. Mwingine bado anakaa nyuma. Na kwaya nyingine iliyokuwa na mpango wa kumpa kazi imempelekea fundi mwingine, ikihofia kwamba "yule binti atatuambia tuvae za zamani". Uaminifu una gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na mtu mmoja. Ndiyo maana nalileta jambo hili kwako, ili gharama igawanywe.

Najua kuna swali unaloliuliza, na ni swali la haki. Kama sote tukiacha kununua, fundi atakula nini? Muuza vitenge je? Vijana wanaofungua belo mnadani, wanaosomesha wadogo zao kwa biashara hiyo? Swali hili limewahi kuwashinda hata wakubwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu ya kuuza bidhaa katika soko lake kupitia AGOA. Nchi nyingi zikalegea, Tanzania ikiwemo. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Wakati huo huo wazee wetu wanakumbuka kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na jinsi khanga zake zilivyokuwa fahari ya taifa. Mambo haya yana ncha nyingi, na mimi siwezi kuyamaliza kwa mahubiri ya Jumapili moja.

Lakini neno la Yohane halikuwazuia watu kufanya kazi. Hakumwambia mtoza ushuru aache ushuru, wala askari aache jeshi. Aliwaambia wafanye kazi yao bila kumla mtu. Kwa hiyo sikuambii usinunue nguo. Nakuambia ununue kama mtu atakayeulizwa. Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita mwaka 2009, na Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake wa Laudato Si' mwaka 2015, walifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, mbali na kuwa la kiuchumi. Ukilipa, unaunga mkono namna kitu kilivyotengenezwa. Nguo moja nzuri iliyoshonwa na fundi wako, ukamlipa bei yake bila kumkamua, ukaivaa miaka mitano, inamlisha yeye na inakusitiri wewe. Nguo tano za bei ya kutupa, zinazofumuka baada ya kufuliwa mara tatu, zimemdhulumu aliyezishona, zimekudanganya wewe uliyezinunua, na zitaishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Nyingi siku hizi zimefumwa kwa nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli. Ukizichoma zinayeyuka kama mfuko wa plastiki, na moshi wake wanauvuta watoto wako. Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala unaopita siku hizi unapita haraka sana.

Wala jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu hawakujua neno "endelevu", lakini walijua safari ya khanga. Ikiwa mpya ilikwenda kanisani. Ikipauka ilivaliwa nyumbani. Ikilainika ikawa mbeleko, kisha nepi, kisha tambara la kushikia sufuria, na mwisho ikapiga deki hadi ikaisha. Hawakuona aibu. Walikuwa wanamheshimu aliyeilima pamba, aliyeifuma na Mungu aliyeiotesha. Na hata shambani heshima hiyo inarudi. Kule Meatu mkoani Simiyu, tangu 1994, wakulima wa mradi wa bioRe wanalima pamba ya kilimo hai. Hapa Singida kampuni ya Biosustain nayo imefanya kazi na wakulima wa pamba ya namna hiyo. Wanatumia samadi badala ya mbolea ya viwandani, na wapo wanaopanda mistari ya alizeti katikati ya pamba ili iwavute wadudu waharibifu wasiishambulie pamba. Sikia hiyo, mtu wa Ikungi: alizeti yako inaweza kuilinda pamba pasipo kumwaga sumu kwenye udongo.

Sasa turudi kwa yale makundi matatu, maana sote tumo.

Wewe uliye katika makutano, mwenye kanzu ya pili: fungua sanduku kabla ya Noeli. Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, aliwahubiria matajiri wake kwamba koti wanalolifungia kabatini ni mali ya yule aliye uchi. Hakusema wakilitoa watakuwa wakarimu. Alisema wakilizuia ni wezi. Nguo ya mtoto ya sikukuu sikugusi. Mtoto anayepata nguo mpya mara moja kwa mwaka, na furaha yake ya kuivaa asubuhi ya Noeli, huo ni utajiri ambao hakuna anayepaswa kuuiba. Ila ukimaliza Noeli, Januari inakuja. Tangu 2016 ada imefutwa katika shule za serikali, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi, na kila Januari wapo watoto wanaochelewa kuanza kwa sababu ya shati jeupe na sketi ya buluu. Sare ya mwanao iliyombana mwaka huu ni kanzu ya pili. Jumuiya ndogondogo yenu ikusanye sare hizo mapema, izifue, izipige pasi, mafundi wa jumuiya wazikarabati, zigawiwe bila kutangaza majina.

Wewe uliye mtoza ushuru, yaani unayepanga bei: fundi, muuza vitambaa, mnunuzi wa pamba. Usizidishe kwa sababu sikukuu imefika. Usichezee mizani. Ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa. Na wewe mteja, usimkamue fundi mpaka ashushe bei, kisha ukamsifu mwenye duka kubwa ambaye hukuthubutu kumwomba hata punguzo la mia.

Wewe uliye askari, yaani mwenye nguvu juu ya wengine: mwenyekiti wa kwaya, kiongozi wa chama cha kitume, kamati ya harusi, na sisi mapadri. Sare inayotozwa kwa faini ni kunyang'anya kwa adabu. Mkesha wa Noeli ya 2024, Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu kuanzisha Jubilei ya 2025. Nilisikia watu wakiulizia kitenge cha Jubilei. Anayeweza kukishona kitenge cha namna hiyo, akishone kwa furaha. Lakini katika Kitabu cha Walawi, Jubilei ilikuwa mwaka wa kuwafungua waliofungwa na madeni (Law 25). Ni ajabu kuianza Jubilei yoyote kwa kukopa ili kununua kitambaa chake.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kuna sheria mbili zilizokaa bega kwa bega. Ya kwanza: ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijazama, apate kulala nalo. Ya pili: mlipe kibarua ujira wake siku ile ile, kabla jua halijazama. Vazi na ujira vimepewa saa moja ya mwisho. Yule binti wa Ikungi, anapowalipa wasichana wake Jumamosi jioni, anatimiza sheria ambayo pengine hajawahi kuisoma.

Ukiirudisha Biblia nyuma hadi mwanzo, utakuta kwamba fundi wa kwanza ni Mungu mwenyewe. Adamu na Hawa walijishonea majani ya mtini, vazi la haraka, la kunyauka kabla ya jioni. Bwana Mungu akawatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika (Mwa 3:21). Aliwavika wakosefu, kwa nguo ya kudumu, bila kuwadai. Na siku kumi zijazo tutaimba kwamba Mwanawe amezaliwa, akaviringishwa katika vipande vya nguo alivyovitayarisha mama maskini. Kati ya zawadi zote, ya kwanza aliyoipokea duniani ni kitambaa kutoka mkono wa mtu aliyempenda.

Basi wiki hii, kabla hujaenda dukani, geuza nguo moja uliyo nayo, tazama mshono wake wa ndani, na umwombee aliyeushona. Kisha ujiulize swali la makutano: nifanye nini? Bwana akuvike rehema, utu wema na unyenyekevu (Kol 3:12), vazi lisilopitwa na wakati. Nakutakia Dominika njema na maandalizi mema ya Noeli.